Eksirei ya nyonga za mbwa mkubwa: nimelipa mara tatu, ya kwanza ni kama nilitupa hela chooni

Wakuu salama? Kuna watu kama sita hivi wameniuliza kwa nyakati tofauti swali lile lile, mbwa mkubwa anapigwa eksirei ya nyonga akiwa na umri gani na apelekwe wapi, nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika nane nane kwahiyo naandika mara moja hapa yaishe. Mimi niko Dar, mbwa wangu ni German Shepherd dume anaitwa Kamanda, sasa hivi ana miaka miwili na miezi minne, na nyonga zake zimenila hela kuliko ada ya chekechea. Majina ya kliniki siweki, ile ya kwanza kwa sababu sitaki kesi, ile ya pili kwa sababu dokta mwenyewe kaniomba, yuko yeye na msaidizi mmoja tu na simu yake tayari haipumziki.

Kamanda nilimchukua akiwa na miezi miwili na nusu kwa jamaa mmoja Kibaha, karatasi zipo, baba yake nikaonyeshwa picha kasimama kifua mbele kama yuko gwaride la Uhuru, ndio hata jina likazaliwa hapo. Nikauliza chanjo, nikauliza minyoo, nikauliza anakula nini. Nyonga za wazazi sikuuliza, hata sikujua kama mbwa anaulizwa nyonga. Alipofika miezi saba nikaanza kuona akipanda ngazi za barazani anarusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, hivi kama sungura. Watoto wanacheka na mimi nacheka, tukamrekodi tukamtupia status. Kumbe ile ndio dalili yenyewe. Baadaye nikaona hata kuamka asubuhi ni shughuli, anajivuta kwa mikono kwanza (najua mbwa ana miguu minne ila ile ya mbele mi naiita mikono) halafu makalio ndio yanafuata, tena yakiyumba.

Jirani yangu mmoja, mzee wa watu, kafuga mbwa tangu enzi za Mwalimu, akaniambia mwanangu huyo hana kalisiamu, mpe mifupa na ile dawa ya maji ya kalisiamu wanayopewa watoto. Nikampa shikamoo na asante na nikaenda duka la dawa siku hiyo hiyo. Simlaumu mzee, kila mtu mtaani angekwambia hivyo hivyo, lakini kwa mbwa wa mbegu kubwa anayekua hilo ni kosa, kalisiamu ikizidi kwa puppy wa hivi inamharibia mifupa badala ya kumjenga, na tatizo la nyonga halitokani na kukosa kalisiamu kabisa. Hili nilikuja kuambiwa na dokta wa pili nikiwa nimeshamaliza chupa mbili.

Sasa kliniki ya kwanza. Nje bango zuri, ndani AC, dada wa mapokezi mkarimu, nikasema hapa nimefika. Nikaeleza, dokta akasema tumpige eksirei, elfu sitini. Hakumshika mgongo, hakumtembeza, hakuniuliza kama kala (alikuwa kala, tena vizuri). Tukaingia chumbani, Kamanda akapandishwa mezani akiwa macho makavu kabisa, kijana mmoja kashika mikono, dokta kashika mguu mmoja wa nyuma, halafu akanigeukia mimi akasema kaka shika huo mwingine vuta. Mimi huyo nikavuta. Mbwa wa kilo thelathini na kitu anapiga kelele, anajikunja kama samaki, mkojo umemwagika mezani, mashine ikalia tiii, tayari.

Picha ile ninayo mpaka leo na kila mgeni anayependa mbwa namwonyesha. Inaonekana saa yangu ya mkononi. Nyeupe kabisa, na kishikizo cha mkanda na vidole vyangu viwili pembeni ya goti la mbwa. Maana yake vidole vyangu vilipigwa mionzi bila hata glavu ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, na hakuna aliyeona ajabu. Jina la mbwa halipo kwenye picha, tarehe haipo, alama ya kulia au kushoto haipo. Nyonga yenyewe imelala upande kama mtu aliyekaa nusu kiti kwenye daladala.

Dokta akaiangalia kwenye kioo kama nusu dakika akasema nyonga ya upande huu imeoza, huyu hafiki miaka mitatu, nikushauri umlaze mapema asiteseke. Kumlaza mnajua maana yake, ni sindano ya kumuua. Mtoto wangu wa miaka tisa alikuwa amesimama mlangoni.

Akachomwa sindano moja ya maumivu, tukapewa dawa nyingine ya kalisiamu (!!) tukarudi nyumbani na bajaji, hakuna aliyeongea njia nzima isipokuwa dereva aliyekuwa anauliza kama mbwa anang'ata.

Kilichomwokoa Kamanda ni shemeji yangu. Yeye ni radiografa hospitali ya watu sio ya wanyama, nikamtumia ile picha usiku, akanipigia dakika hiyo hiyo akasema shem hii picha hata kama ingekuwa ya binadamu ningeirudisha, mgonjwa amelala upande, upande mmoja lazima uonekane mbovu hata kama ni mzima. Akaniambia angalia yale matundu mawili ya mviringo chini ya mfupa wa kiuno, yanatakiwa yalingane, sasa hapa moja kama yai na jingine kama mbegu ya papai. Nikaangalia. Kweli.

Ngoja nieleze kidogo ugonjwa wenyewe maana bila hapo hamtaelewa kwa nini nagombana na saa yangu mwenyewe kwenye picha. Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja, cha duara, kimekaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Puppy anazaliwa nyonga zikiwa sawa, halafu kwa wengine katika miezi ya kwanza kiungo kinalegea, kichwa kinachezacheza ndani ya kikombe, kikombe nacho kinakua bapa kwa sababu hakibanwi vizuri, mwisho wa siku mfupa unasagana na inaingia baridi yabisi. Wataalamu wanaita displasia ya nyonga. Ni ya kurithi, sio jeni moja ni nyingi zinachangia, na juu yake kunaongezeka uzito na kasi ya kukua. Ndio maana inawasumbua sana hawa wakubwa, German Shepherd, Rottweiler, Labrador, Golden, Saint Bernard, hao Mastiff na Boerboel mnaowanunua kwa milioni. Greyhound kwa mfano ni mbwa mrefu lakini hana shida hii karibu kabisa, kwahiyo sio urefu tu, ni ukoo.

Halafu kitu ambacho watu hawakiamini, huwezi kuiona kwa macho. Kuna mbwa nyonga mbovu anakimbia kama kichaa, na kuna anayechechemea nyonga nzima tatizo liko goti. Kwahiyo unabaki na picha. Na picha kama haikupigwa kwa mkao sahihi ni karatasi nyeusi tu umeuziwa.

Kliniki ya pili nilielekezwa na mtu wa mbwa wa ulinzi. Iko uchochoroni, bango limepauka, viti vya plastiki. Nilipopiga simu nikauliza bei, dokta badala ya kunijibu akaanza kuniuliza yeye: ana umri gani, ana kilo ngapi, anachechemea au anaruka, amewahi kulazwa kwa sindano akapata shida, ana chipu? Nikasema chipu ya nini dokta (kumbe ni kidude chenye namba ya kumtambulisha mbwa, kinawekwa chini ya ngozi). Akacheka. Akasema mlete kesho saa tatu, chakula asile kuanzia usiku, maji mpe mpaka asubuhi.

Tukafika. Kwanza mzani: kilo 34. Mbwa wa miezi minane! Akanishika mkono akauweka ubavuni kwa Kamanda akasema tafuta mbavu. Nikatafuta. Akasema kama unatafuta basi huyo kanenepa, mbavu inatakiwa uziguse bila kutafuta, kama unavyogusa vifundo vya vidole ukifunua kiganja. Akanipa habari ya utafiti wa Marekani wa kampuni ya Purina, waliwachukua Labrador 48, wakawaweka wawili wawili, mmoja anakula, mwenzake anapewa pungufu kwa robo, maisha yao yote. Wale wa chakula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi na nyonga zao ziliharibika kidogo na kwa kuchelewa. Mimi hapo nilikuwa nampa dona na dagaa sufuria nzima asubuhi na jioni na kiporo cha watoto katikati, najisifu mbwa wangu ana afya.

Akamtembeza uani kwenda na kurudi, mwendo wa taratibu, halafu wa haraka kidogo. Akamsikiliza moyo. Ndipo akamchoma sindano ya usingizi, na hapa ndio nataka msome vizuri: Kamanda alilala. Kwa muda wa dakika kumi hivi kichwa kikaanza kuwa kizito, ulimi nje, akajilaza mwenyewe kwenye mkeka. Alipolegea kabisa dokta akamgeuza chali, akakunja goti, akasukuma paja kuelekea kiunoni huku analifungua taratibu nje, akaniambia weka kiganja hapa. Nikasikia *tk*. Kitu kidogo sana, kama unapofunga kifuniko cha chupa ya plastiki. Huo ni mfupa unarudi kikombeni baada ya kutoka, akaniambia, kipimo cha Ortolani, kilianza kwa watoto wachanga wa binadamu kabla ya kuja kwa mbwa. Mbwa akiwa macho anakaza misuli na ile tk huisikii. Upande wa kulia haikulia, kushoto ililia.

Mezani wakamweka kwenye kitu kama mtaro wa sponji asiegemee upande wowote, miguu ya nyuma ikanyooshwa sambamba, ikazungushwa ndani kidogo mpaka vifuu vya magoti vikakaa katikati, wakaifunga kwa utepe. Mkia ukanyooshwa. Wakaweka alama ya kushoto ya risasi, jina, tarehe, namba ya chipu (chipu aliwekwa palepale, hilo la chipu nililipia zaidi). Halafu dokta akasema wote nje. Hakuna mtu aliyemshika mbwa, hakuna saa kwenye picha. Nilisimama koridoni na mwanangu tunasikiliza ile tiii ya mashine, safari hii hakuna aliyelia.

Picha ilivyotoka, aisee, hata mimi mshona mapazia niliona. Matundu yanalingana, kiuno kimenyooka, magoti yote yapo ndani ya picha. Kulia kichwa kimekaa kikombeni zaidi ya nusu. Kushoto kikombe ni kifupi na kuna mwanya. Akachora mistari kwenye kompyuta, pembe inaitwa ya Norberg, akasema mzima tunategemea 105 kwenda juu, kulia imefika, kushoto iko chini. Akasema: kaka huyu hajaoza, huyu ana nyonga moja legevu kiasi, ni mdogo, na ni mnene, tuanze na hilo la unene. Mwanangu akauliza "kwahiyo halazwi?" Dokta akajibu "ameshalala, sasa hivi namwamsha," akamchoma sindano ya kumzindua na ndani ya dakika kumi Kamanda kasimama anayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi.

Laki na themanini pamoja na usingizi, chipu mbali. Ndio, ni mara tatu ya ile ya kwanza. Na ile ya kwanza ndio ilikuwa ghali.

Haya sasa umri, maana hapo ndio watu wanachanganya. Inategemea unatafuta nini. Kama mbwa anaumwa, anachechemea, anaruka kisungura, hana umri wa kusubiri, mpeleke leo. Na kuna sababu ya kuwahi, zipo operesheni ambazo zina muda wake: ile ya kuziba ukuaji wa mfupa wa mbele wa kiuno ili vikombe vigeuke vifunike vizuri inafanywa puppy akiwa wiki 12 mpaka kama 20, ukichelewa ukuaji umeshapita haisaidii, na ile ya kukata na kugeuza kikombe inafanywa kabla baridi yabisi haijaanza, mara nyingi kabla hajafika mwaka. Baada ya hapo unabaki na kupunguza uzito, mazoezi, dawa za maumivu, au kukata kichwa cha mfupa, au nyonga ya bandia ambayo huko ni bei ya gari.

Kama unataka tu kujua puppy wako ana mwelekeo gani kuna mfumo unaitwa PennHIP, ulitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wanapima kuanzia wiki 16. Wanapiga picha tatu akiwa usingizini, moja wanabana nyonga ndani na nyingine wanaivuta nje na kifaa chao, wanapima kichwa kinatoka kwa kiasi gani, namba inaanzia sifuri, ikiwa 0.30 kushuka chini nyonga imekaza na hatari ni ndogo, ikipanda kuelekea moja jiandae. Ubaya wake ni kwamba lazima dokta awe amesomea huo mfumo na kupasishwa, hawezi mtu tu akaamka asubuhi akasema nafanya PennHIP. Mtandaoni kwao kuna sehemu ya kutafuta madokta waliopasishwa, angalia mwenyewe kabla hujadanganywa.

Kama unataka kuzalisha sasa, hapo ndio miaka inahesabika. OFA ya Marekani, shirika linalosoma picha za nyonga za mbwa na kuzipa daraja, hawa wako tangu 1966, cheti cha kudumu hawatoi mpaka mbwa afikishe miezi 24. Kabla ya hapo kuanzia miezi minne wanakusomea picha lakini ni majibu ya awali. Waingereza kwenye mpango wao wa BVA (chama cha madokta wa wanyama) na Kennel Club (chama cha wafuga mbwa) wanaanza mwaka mmoja, kila nyonga inapewa alama 0 mpaka 53, jumla 106, na kwao ndogo ndio nzuri, usije ukashangilia umepata 90. Ulaya bara wengi wanafuata FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, herufi A mpaka E, A safi E mbaya. Kwahiyo ukiletewa puppy wa Ulaya au Afrika Kusini muuzaji anakwambia "wazazi wamepimwa", mwambie akuonyeshe karatasi, halafu usome ni mfumo gani. "Wamepimwa" sio sawa na "wamefaulu", kuna mjanja mmoja alinionyesha karatasi ya D kwa kujiamini kabisa akijua siwezi kusoma.

Na wenye majike: usimpige picha akiwa kwenye joto (kile kipindi anachotaka dume), wala karibu na hapo, wala ana mimba, wala ndio kaachisha watoto juzi. Homoni zinalegeza viungo na nyonga inaweza kuonekana mbaya kuliko ilivyo. OFA wanashauri kuacha wiki tatu nne hivi mbele na nyuma ya joto.

Picha ya tatu ya Kamanda nilimpiga akiwa na miezi 25, kliniki ile ile ya pili. Kwa nini nilirudi? Kwa sababu kafika kilo 32 (mbavu naziona, mama mkwe akija anasema namnyima mbwa chakula), anakimbia, anapanda ngazi mguu mmoja mmoja, kifua kipana, na simu zikaanza. Kaka nina jike langu Mbezi, kaka tupandishe nakupa puppy wa kwanza kuchagua, kaka nakupa laki tano. Nikajiambia sawa lakini nipate majibu kwanza. Dokta akapiga, akanipa faili la dijitali sio karatasi, tukalituma OFA kwa mtandao pamoja na fomu na ada yao kwa dola kwa kadi, wanapokea kutoka nje ya Marekani bila shida. Kule picha inasomwa na wataalamu watatu kila mmoja peke yake, halafu yanaunganishwa. Madaraja yao ni saba, matatu ya juu yanahesabiwa ni nyonga nzima, moja ni la mpakani, matatu ya chini ni mgonjwa: kidogo, kati, na mbaya.

Majibu yakaja kwa imeili nikiwa saluni nanyolewa. Mgonjwa, kidogo. Kushoto.

Sitasema sikuumia. Nilikaa pale na nusu kichwa kimenyolewa nasoma mara mbili tatu. Kulikuwa na hela pale, na kulikuwa na ile fahari ya kuitwa mwenye dume. Halafu kwenye fomu kuna sehemu wanauliza, majibu yakiwa mabaya tuyaweke hadharani au tusiweke? Yakiwa mazuri wanaweka wenyewe, yakiwa mabaya ni mpaka mwenye mbwa aruhusu. Nilikuwa nimeshatia tiki ya ndiyo siku ya kutuma, nikiwa na uhakika kwamba tutafaulu. Mke wangu akacheka sana hapo.

Basi Kamanda hazalishi. Anaishi vizuri tu, ana mazulia sebuleni kila sehemu maana tailzi zinamtelezesha, tunakwenda kuogelea Jumapili moja moja baharini asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, kuogelea ni zuri kwake kwa sababu anajenga misuli ya nyuma bila kubeba uzito. Dawa ya maumivu hapewi kila siku, ni siku mbaya tu na kwa maelekezo ya dokta. Na msije mkampa mbwa dawa za maumivu za binadamu, ibuprofeni na hizo diklofenaki, zinaweza kumuua.

Mahali pa kwenda sasa, mnaosema nimekaa na siri. Simu unayo, piga kabla hujapanda gari. Uliza: mnamlaza mbwa usingizi kwa sindano kabla ya eksirei ya nyonga? Akisema haina haja vijana wetu wanashika vizuri, kata simu. Uliza kama mashine ni ya dijitali na kama unapewa faili lenyewe, sio picha ya skrini ya whatsapp. Uliza nani anaisoma. Ukifika angalia ukutani, wenye eksirei wanatakiwa wawe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, na dokta awe amesajiliwa Baraza la Veterinari, wa Kenya wao ni Kenya Veterinary Board. Wa Morogoro mna SUA hapo, chuo chenye fani yenyewe ya udaktari wa wanyama, wa Nairobi mna Kabete, kampasi ya udaktari wa wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ukikosa pa kuanzia kaulize huko nani anafanya nyonga, mimi mwenyewe sijampeleka Kamanda huko kwahiyo nyota siwapi wala siwanyimi.

Nyota ninazotoa ni hizi. Kliniki ya AC, moja, nayo ni ya dada wa mapokezi. Kliniki ya viti vya plastiki nne, ningewapa tano ila tulisubiri saa mbili na nusu siku ya pili na choo kimefungwa na kufuli. OFA nne, majibu yalikuja bila kusumbuana ila kulipa kwa kadi kwa watu wa huku ni mpaka umwombe mtu. Kibaha sitoi, yule jamaa nilimpigia nikamwambia matokeo kistaarabu kabisa, nikamwomba ampime yule baba wa kifua mbele, akasema atanirudia. Ni mwezi wa tatu huu. Wiki iliyopita nimeona katangaza watoto wengine saba.

Jana jioni kuna mtu kanipigia tena, ana jike Goba, ameona ile video ya zamani Kamanda anaruka ngazi. Nikamwambia dume langu halipandishi, na wewe jike lako umelipiga eksirei? Akaniuliza eksirei ya nini kaka, si unamwona anavyokimbia.